Kuongeza dau mara mbili hakurudishi hela za forex

Kuna ujumbe usioisha kwenye magrupu: ukipoteza kwenye forex (biashara ya kununua na kuuza fedha za kigeni), ongeza dau mara mbili, biashara moja ikikubali hela zote zinarudi. Si kweli, na kalamu tu inatosha kuhakiki.

Chukua akaunti ya dola 100. Kwenye euro na dola, kwa loti 0.01 (loti ni kipimo cha ukubwa wa biashara), kila pipu, yaani hatua ndogo ya bei ya 0.0001, ni senti 10. Bei ikienda kinyume pipu 20, umepoteza dola 2. Sasa ongeza mara mbili kila ukipoteza: 2, 4, 8, 16, 32. Mara tano tu, dola 62 zimekwenda. Ya sita inataka 64, nawe umebaki na 38. Hata ungeshinda, faida ya kazi yote hiyo ni dola 2, tena kabla ya kukatwa spredi, yaani tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu mbinu hii hushinda mara nyingi, kidogo kidogo, na picha za ushindi ndizo zinazotumwa. Za akaunti iliyoungua hazitumwi.

Tafadhali usiusambaze tena ujumbe huo. Anayeanza aweke kikomo cha hasara kabla ya kuingia, kisichozidi asilimia 1 au 2 ya akaunti. Kwa loti ileile ya 0.01, kupoteza dola 2 mara sita mfululizo kunamwachia dola 88.