Barabara na barabara: maneno yenye herufi zilezile na sauti mbili

"Barabara ya Kondoa imejengwa barabara." Mpe sentensi hii mkazi yeyote wa Dodoma aisome kwa sauti. Bila hata kufikiri atatamka maneno mawili. La kwanza, njia ya magari, ataliwekea mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: baraBAra. La pili, lenye maana ya vizuri au sawasawa, mkazo utarudi nyuma silabi moja: baRAbara. Kwenye karatasi hakuna tofauti hata ya nukta.

Maneno ya aina hii wanaisimu huyaita heteronimu: tahajia moja, matamshi tofauti, maana tofauti. Wengi huyachanganya na homonimu, kama "kucha" za vidoleni na "kucha" kwa maana ya kupambazuka. Hizo zinatamkwa sawa, kwa hiyo sikio haliwezi kukusaidia chochote. Kwenye heteronimu sikio linajua. Jicho ndilo linalobaki linababaika.

Kiingereza kina heteronimu nyingi kwa sababu matamshi yake yaliendelea kubadilika huku tahajia ikiwa imeganda. Mwanafunzi anakutana na "read" na lazima akisie kama ni "rid" ya sasa au "red" ya jana. Kiswahili kinaandikwa karibu sana na kinavyotamkwa, kwa hiyo zetu ni chache, na kila moja ina sababu yake.

Tuanze na mkazo. Kanuni ni kwamba mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na maneno yanayoivunja kwa kawaida ni ya kigeni. Barabara ya "sawasawa" imetokana na "barabar" ya Kiajemi na Kihindi, yenye irabu ndefu kwenye "ra" ya kwanza. Sisi tukaongeza "a" mwishoni, ila mkazo ukang'ang'ania pale ulipokuwa. "Walakini" nayo ni hivyohivyo. Ikiwa na maana ya "lakini" ni waLAkini, kutoka Kiarabu. Ikiwa na maana ya kasoro ("mkataba huu una walakini") imekwishatii kanuni, ikawa walaKIni. Siku hizi watu wengi husema "lakini" tu, kwa hiyo mfano huu wa pili unakutana nao zaidi vitabuni kuliko sokoni Majengo.

Chanzo cha pili ndicho kinachonifurahisha zaidi: herufi m. Soma "Mbuni amefika Chamwino." Amefika nani? Kama ni yule ndege mkubwa asiyeruka, "mb" ni sauti moja na neno lina silabi mbili: mbu-ni. Kama ni mtu anayebuni mavazi, m inasimama peke yake na silabi zinakuwa tatu: m-bu-ni. Mti wa kahawa nao ni m-bu-ni, ila huo haukusumbui kwenye maandishi, maana upatanisho unaufichua: mbuni umekauka, mibuni imekauka. Ndege na mbunifu wote wanachukua "a-", ndiyo maana sentensi ya Chamwino haina mwokozi isipokuwa mdomo wa msomaji, au wingi: mbuni wamefika, wabuni wamefika. Hiyo m inayojitegemea zamani ilikuwa "mu". Wagogo, wenyeji wa Dodoma, bado wanaitamka nzima. Mtu kwao ni "munhu".

Na hiyo "nh" ya munhu inatufikisha kwenye chanzo cha tatu, mpumuo. Pwani, hasa Lamu na Mombasa, mzungumzaji husema "paa" la nyumba kwa p kavu, na "paa" wa porini, yule mnyama wa jamii ya swala, kwa p inayosukuma pumzi. Vivyo hivyo "kaa" la moto ni k kavu, na "kaa" wa baharini ana pumzi. Pumzi hiyo ni alama ya sauti ya puani iliyokuwa mbele ya konsonanti ikamezwa. Chigogo hakikuimeza: kilibaki na pua na pumzi kwa pamoja, ndiyo maana kibao cha kata ya Ng'hong'onha, hapa Dodoma, kinamtoa jasho mgeni.

Tahajia sanifu haiandiki mpumuo, na wasemaji wengi wa bara hawautamki. Mwanafunzi wa Dodoma akiambiwa kitabuni kwamba "kaa" na "kaa" ni sauti mbili, atajaribu mara kadhaa, atatoa sauti ileile, na hatakuwa amekosea (kaa mwenyewe hapa tunamsikia tu). Kwa msemaji wa Lamu jozi hiyo ni heteronimu. Kwa msemaji wa Dodoma ni homonimu, na kamusi inayoziorodhesha kaa wa kwanza na kaa wa pili kwa namba ndogo tu inawafaa wote wawili.