Jitu halikutanua miguu: tunayoyakosea kuhusu kisiwa cha Rhodes

Taja Rhodes, kisiwa cha Ugiriki, na picha inayomjia mtu ni ile ile: jitu la shaba limetanua miguu, unyayo mmoja ng'ambo hii ya bandari, wa pili ng'ambo ile, na meli zinapita katikati na matanga yake. Hata mimi nilikua nikiiamini.

Dhana: Jitu lilisimama juu ya mlango wa bandari.

Sanamu lilikuwepo kweli. Lilikuwa la Helios, mungu wa jua, kimo chake mita 33 hivi, kazi ya fundi Chares wa mji wa Lindos, na lilikamilika karibu mwaka 280 KK. Fedha zake zilipatikana kwa njia ya kuchekesha: Demetrius, jemadari wa Kimasedonia, aliuzingira mji mwaka 305 KK, akashindwa, akaondoka na kuacha mitambo yake ya vita. Wenyeji wakaiuza.

Ila hiyo miguu iliyotanuliwa ni hadithi iliyozuka zaidi ya miaka elfu moja baada ya sanamu kuanguka. Ujenzi ulichukua miaka kama 12. Mji ulioishi kwa biashara ya meli ungefungaje bandari yake muda wote huo? Isitoshe, tetemeko la karibu mwaka 226 KK lilipolikata magotini, vipande vililala nchi kavu, watu wakawa wanakwenda kuvitazama. Pliny, Mrumi, aliandika kwamba ni wachache walioweza kulikumbatia dole gumba lake. Lingekuwa limesimama juu ya maji, dole hilo wangelipigia mbizi.

Leo mlangoni mwa bandari ya Mandraki pana nguzo mbili, juu yake kulungu dume na jike. Wageni hupiga picha pale wakidhani ndipo nyayo zilipokuwa.

Dhana: Kasri kubwa la mji mkongwe limesimama hivyo tangu enzi za wapiganaji wa msalaba.

Kuta za mji, sawa. Wapiganaji wa Mtakatifu Yohana, kundi la hao wa msalaba, walikitawala kisiwa tangu mwanzoni mwa karne ya 14 mpaka Sultani Suleiman wa Waturuki alipowatoa mwaka 1522. Lakini kasri lenyewe liliharibiwa vibaya na mlipuko wa baruti mwaka 1856. Unaloliona sasa, kwa sehemu kubwa, walilijenga Waitalia mwishoni mwa miaka ya 1930, na baadhi ya sakafu za mawe ya rangi walizileta kutoka kisiwa cha Kos.

Waitalia tena?

Ndiyo, maana wengi hudhani Rhodes imekuwa chini ya Ugiriki siku zote. Kisiwa kiko kilomita 18 tu kutoka pwani ya Uturuki. Waturuki walikaa karibu miaka 390, Italia ikakichukua mwaka 1912, Wajerumani 1943, kisha Waingereza kwa muda. Kilijiunga rasmi na Ugiriki mwaka 1948.

Dhana: Bonde la Vipepeo limejaa vipepeo.

Ni nondo. Wanakuja kiangazi kufuata ubaridi wa miti na kijito, na wanaishi kwa akiba ya mwili. Anayepiga makofi ili waruke apate picha nzuri anawamalizia akiba hiyo.

Dhana: Rhodesia iliitwa kwa jina la kisiwa hiki.

Hapana. Ni jina la Cecil Rhodes, Mwingereza, na kisiwa hakihusiki. Uhusiano wa kweli na Afrika uko kwingine, na hausimuliwi sana. Wayahudi wa Rhodes, waliokuwa wakizungumza Kihispania cha kale, walianza kuhamia Kongo ya Wabelgiji kabla ya Vita vya Pili, wengi wakafikia Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Kuondoka kuliwaokoa. Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya zaidi ya watu 1,600 waliobaki kisiwani, wakawapeleka kambi ya mauaji ya Auschwitz, na walionusurika ni kama 150. Sinagogi lao la Kahal Shalom, la mwaka 1577, bado limesimama katika mji mkongwe.

Na Moïse Katumbi, aliyekuwa gavana wa Katanga, mkoa uliokuwa na Lubumbashi? Baba yake, Nissim Soriano, alikuwa Myahudi wa Rhodes, na biashara yake ilikuwa samaki wa Ziwa Mweru.