Mwanafunzi, Kabla Hujachukua Mbwa Hesabu Saa na Likizo

Septemba 28 ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Tunapohimiza chanjo, tunawaomba wanafunzi waliopanga Malimbe, Nyegezi na Bugando, hapa Mwanza, wapime kwanza kama maisha yao yana nafasi ya mbwa.

Wengi huuliza bei ya mbwa. Swali la kwanza ni muda. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili hula mara tatu au nne kwa siku na habani mkojo zaidi ya saa mbili au tatu. Ukimfungia chumbani toka saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, utakuta bakuli la maji limepinduka, godoro limelowa na mlango umekwaruzwa. Hiyo si tabia mbaya. Ameachwa peke yake kupita uwezo wake. Kama ratiba yako ni hiyo na hakuna mtu nyumbani, usimchukue.

Chakula Mwanza si kigumu: ugali na dagaa wa ziwani hufaa, ila dagaa walioanikwa mchangani waoshwe mpaka maji yatoke safi, kisha wachemshwe. Msimpe mifupa ya kuku iliyopikwa. Hupasuka vipande vyenye ncha na kutoboa utumbo.

Chanjo ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua watoto wa mbwa, huanza wiki ya 6 hadi 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka wiki ya 16. Ya kichaa hutolewa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Kadi iwe na tarehe, jina la chanjo, namba ya toleo, sahihi na muhuri. Mbwa akimng'ata mtu, kadi ndiyo ushahidi wako. Bila kadi tunamhesabu kuwa hajachanjwa. Mbwa aliyeng'ata hufungiwa na kuangaliwa siku 10, asiuawe kwa hasira. Aliyeng'atwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, aende hospitali siku hiyohiyo. Na tafadhali, tuache kusema mbwa wa kizungu hapati kichaa. Anapata, na dalili zikishamtokea binadamu karibu hakuna anayepona.

Ruhusa ya mwenye nyumba iwe ya maandishi.

Likizo ndefu ndiyo huharibu: mwanafunzi huenda kwao, mbwa hubaki. Mbwa huishi miaka 10 au zaidi, shahada nyingi ni miaka mitatu. Kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008, ukatili kwa mnyama ni kosa, na kumfungia mbwa bila chakula wala maji ni ukatili. "Jirani atamtupia chochote" si mpango. Unayekaribia kuhitimu, mtafutie mlezi angalau mwezi mmoja kabla, wazoeane ungali upo, na umkabidhi pamoja na kadi yake.