Kikomo cha kasi ziwani: kipimwe kutoka kwa mpiga kafi

Likizo zikikaribia, watu wa Nairobi ninaowafundisha kupiga kafi kwenye bwawa la kuogelea kabla hawajaenda Naivasha huniuliza swali lilelile: kwa nini maziwa hayawekewi kikomo cha kasi kama barabara? Nawaelewa. Tangu sheria za 2004 za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, matatu hufungwa kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa, kwa hiyo mtu wa Nairobi akisikia usalama, anafikiria namba. Mimi nataka kikomo pia, ila si cha namba moja kwa ziwa zima.

Tuanze na hesabu. Boti inayokwenda kilomita 72 kwa saa inakula mita 20 kila sekunde. Kayaki, yaani mtumbwi mwembamba wa kupigwa kafi, ya anayejifunza huenda kama kilomita 4 kwa saa, yaani mita moja na kidogo kwa sekunde. Nahodha akikuona ukiwa mita 45 mbele yake, amebakiwa na sekunde mbili na ushei, na kwa muda huo wewe hujasogea hata urefu wa kayaki yako. Kwa kilomita 10 kwa saa, mita hizohizo 45 zinampa sekunde 16. Anakuona, anapunguza mafuta, anakata kona, na bado ana muda wa kukutukana.

Hapo tumechukulia kwamba anakuona. Aliyeketi kwenye kayaki, kichwa chake kiko kama mita moja tu juu ya maji, na upepo wa alasiri wa Naivasha ukishayavuruga anaonekana mara anapotea. Nahodha naye amekaa nyuma kwenye injini, omo, yaani pua ya boti, imeinuka mbele yake, na abiria wawili watatu wamesimama na simu wakipiga picha za viboko. Katika hali hiyo hata kilomita 30 kwa saa ni mbio.

Wenzetu wameshajaribu namba. Ziwa Winnipesaukee la New Hampshire, Marekani, lina kikomo tangu 2009: maili 45 kwa saa mchana, ambazo ndizo zile kilomita 72, na pungufu usiku. Windermere, Uingereza, walibana zaidi mwaka 2005: noti 10, kama kilomita 18 na nusu kwa saa. Kinachonivutia New Hampshire si hizo maili 45. Ni sheria yao nyingine: ukiwa ndani ya futi 150 za mwogeleaji, chombo kingine au ufuko, unakwenda mwendo wa kujongea tu, usiozidi maili 6 kwa saa. Futi 150 ndizo mita 45 za hesabu yangu.

Umbali una faida nyingine. Boti nyingi ndogo hazina mita ya kusoma kasi, kwa hiyo ukimwambia nahodha asizidi kilomita 20 atakuwa anakisia. Tena boti ndogo nyingi zikiwa kwenye mwendo huo wa katikati, kabla hazijapanda kuteleza juu ya maji, ndipo omo hunyanyuka zaidi na mawimbi ya nyuma huwa makubwa kuliko yote. Kayaki iliyopigwa ubavuni na mawimbi hayo hupinduka bila kuguswa. Lakini kila nahodha anaweza kugeuka nyuma: akiona povu jeupe karibu na mtu, anakwenda kasi mno.

Hata hivyo, sheria ya New Hampshire haihamishiki Naivasha ilivyo. Kwao, mpiga kafi hushauriwa akae karibu na ufuko, mahali boti lazima zijongee. Kwetu, ufukoni penye mafunjo ndipo viboko walipo, na mimi mwenyewe humwambia mwanafunzi asikaribie. Anasogea nje, na nje ndiko boti zinakopita. Kwa hiyo hapa kipimo kianzie kwa mtu aliye majini, popote alipo, si kwenye ufuko. Na mtu huyo mara nyingi si mtalii wa kayaki. Ni mvuvi kwenye mtumbwi wa makasia, anayetega nyavu tangu alfajiri, ambaye hakuna anayemwandikia makala.

Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano majini, za 1972, zinataka kila chombo kiende kwa mwendo salama na kiwe na mtu wa kuangalia mbele muda wote. Hazitaji namba yoyote. Ziliandikwa kwa ajili ya bahari na maji yanayoungana nayo, na Naivasha haina hata mto unaotoka, lakini hakuna kinachowazuia wenye boti na wenye gati kukubaliana vivyo hivyo.

Gharama yake ni ndogo. Madumu ya lita 20 yaliyopakwa rangi ya chungwa, kamba na mawe ya kuyatia nanga yanatosha kuonyesha njia ya boti kutoka gati hadi maji ya wazi. Ndani ya njia hiyo, boti zijongee. Nje yake, mita 45 kwa kila mtu. Na abiria wa mbele waketi.