Hapana bosi, gari lisizimike dereva akisinzia

Juzi tena. Mwenye mabasi kanipigia simu: "Fundi, nataka ile kamera ya dereva. Akifumba macho tu, gari lizime." Ombi hilo nimelisikia mara nyingi mno, na kila mara naishia kubishana kwenye simu mpaka salio linaisha. Leo nalijibu kwa maandishi.

Tuanze na huko kuzima. Basi limejaa, linateremka Kitonga, dereva kapitiwa na usingizi. Haya, kata mafuta. Utaniambia gia iko ndani, kwa hiyo magurudumu yataendelea kuizungusha injini. Ni kweli, mpaka dereva azinduke kwa kelele za abiria na akanyage klachi, na mtu aliyezinduka hivyo hukanyaga chochote kilicho chini ya mguu. Hapo injini inakufa. Pampu ya usukani inakufa nayo, usukani unakuwa mzito mikononi mwa mtu ambaye bado hajajua yuko kona gani. Eksozi breki, iliyokuwa ikilishikilia basi mteremkoni, haipo tena. Kompresa, ile inayojaza upepo wa breki, imesimama; umebaki na upepo uliomo kwenye matangi, na kila unapokanyaga breki upepo huo unapungua. Upepo ukishuka sana, breki za springi, ambazo huachiliwa na upepo huohuo, zinajifunga zenyewe, popote ulipo, na nyuma yako kuna lori la kontena. Sasa hapo tumemwokoa nani?

Magari yanayojisimamisha yapo. Volkswagen Passat iliyotoka 2014 ilikuja na mfumo wa aina hiyo: ukiacha kuushughulikia usukani inakupigia kengele, inakushtua kwa breki fupi, inawasha hazadi, kisha inapunguza mwendo taratibu mpaka isimame kwenye njia yake. Taratibu! Tena inaweza kwa sababu ina uwezo wa kujishika ndani ya mistari ya barabara. Kamera ninayokufungia mimi ina waya wa umeme, wa ardhi, wa ishara ya mwendo na wa spika. Breki haizijui. Hata Umoja wa Ulaya, ambao tangu Julai 2024 unalazimisha kila gari jipya liwe na mfumo wa kutambua dereva anayesinzia, unadai onyo. Haudai gari lizimwe.

Sasa hilo neno "akifumba macho", ambalo ndilo linaloniudhi hasa. Kila mtu anafumba macho. Kupepesa kwa kawaida hakufiki nusu sekunde. Usingizi hauanzi kwa kufumba. Unaanza kwa kope kuwa nzito, kushuka polepole na kuchelewa kupanda. Ndiyo maana kipimo tunachokitegemea, PERCLOS, hakihesabu kufumba. Kinahesabu ni sehemu gani ya muda, tuseme dakika nzima, kope zilikuwa zimefunika angalau asilimia 80 ya mboni. Hiyo ni dakika ya kutazama kabla ya kusema lolote la maana. Ukitaka kengele ya papo hapo, unaweka ilie jicho likifungwa kwa sekunde mbili mfululizo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, sekunde mbili ni mita 44. Ukiipunguza iwe sekunde moja, italia dereva akikunja uso kwa vumbi.

Na jua je? Basi linaelekea Dodoma jioni, jua liko usoni, dereva kakunja macho tangu Gairo. Kwa kamera, huyo anasinzia. Miwani ya jua si tatizo kubwa kama watu wanavyodhani, kwa kuwa taa ya infraredi ya kamera, isiyoonekana kwa macho, hupenya nyingi, ila zipo zinazoizuia kabisa, na hapo kamera inabaki kukisia kwa kichwa kinavyoinama. Niliwahi kumfungia dereva mmoja wa lori, mtu mzima, kope zake zimelala tangu kuzaliwa. Kengele ilimlilia njia nzima akiwa macho makavu. Aliporudi nilikuta katundu ka spika kamezibwa kwa bablishi, kamekandamizwa vizuri kwa dole gumba, alama ya kidole inaonekana. Sikumlaumu. Nilikuwa nimeiacha kwenye kipimo cha kiwandani bila kumpima yeye.

Vipimo vya moyo, njia nyingine ya kumnasa anayesinzia, nitavipitia haraka. Mapigo hubadilika mtu akisinzia, ndiyo, lakini hubadilika pia kwa kahawa, joto, mkojo uliobanwa na trafiki aliyesimama mbele. Kwenye kiti kinachotikiswa na barabara ya vumbi, nusu ya ninachokiona ni mtikisiko.

Ninachokubali kufunga ni ngazi: kiti kinatetemeka kwanza, kisha sauti, kisha ujumbe kwa konda na ofisini. Kwa gari lenye breki za kompyuta, naongeza umbali ambao linauacha kati yake na gari la mbele na kuliacha lionye mapema zaidi. Basi. Na hata hapo nina shaka inayoninyima raha: dereva akijua kuna kitu cha kumwamsha, anaweza kuongeza kilomita 100 ambazo zamani angezilala pembeni. Nimewasikia wenyewe wakisema, "Si ipo, itaniamsha."

Bosi wa juzi nimemwambia nitamfungia. Kwanza nimemwomba ratiba, nione dereva anayefika Dar alfajiri analala saa ngapi kabla ya kuondoka tena. Hiyo bado hajanitumia.