Kopo Chini ya Jiwe: Dhana Potofu Kuhusu Kusaka Jiokashi na Wazee na Watoto Mwanza

Mama mkwe wangu alipoliona lile kopo alimshika mjukuu wake mkono akamvuta nyuma. "Acha! Usiguse vitu vya watu." Kopo la plastiki lililozungushiwa utepe mweusi, limechomekwa kwenye ufa wa mwamba, ndani kuna karatasi iliyokunjwa, shanga mbili tatu na sarafu. Kwa mtu aliyekulia Usukumani hiyo ni kazi ya mganga, na sikumlaumu. Kumbe kopo lenyewe alilificha shemeji yangu asubuhi ileile, kwenye miamba ya nyuma ya nyumba yake Mkolani, ili tuuonje mchezo kabla ya kuwapeleka wazee mbali.

Kwa asiyeujua: mtu anaficha kopo, anachukua namba za latitudo na longitudo za mahali alipolificha, anaziweka mtandaoni. Wengine wanalisaka kwa GPS, yaani mfumo wa setilaiti unaoiambia simu mahali ilipo, wanaandika jina kwenye kijidaftari kilichomo, wanalirudisha palepale. Hilo kopo ndilo jiokashi. Yaliyobaki ni maneno ya watu, na maneno ni mengi.

"Humo kuna mali"

Neno "hazina" ndilo linalotuponza. Mwanza hii mtoto hakui bila kusikia habari za mali za Mjerumani zilizofichwa kwenye mawe, na wapo watu wazima ambao mpaka leo wakiona alama kwenye mwamba wanawaza jembe. Ukiwaambia unasaka hazina kwa simu, umejitafutia wasaidizi usiowahitaji.

Ukweli ni kwamba kopo la kwanza kabisa la mchezo huu lilikuwa ndoo nyeusi ya plastiki. Mpaka Mei 2000 Marekani ilikuwa inavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS ya raia, hata kifaa kikakosea kwa kiasi cha mita 100. Tarehe 2 mwezi huo uvurugaji ukasimamishwa, na kesho yake Mmarekani mmoja, Dave Ulmer, akaficha ndoo yake karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, aone kama watu wataifikia. Ndani aliweka vitabu, fedha kidogo, manati na kopo la maharage. Mama mkwe aliposikia habari ya maharage alicheka mpaka akakaa chini. "Hiyo ndiyo hazina ya Wazungu?"

Ndoo ile ilifukiwa nusu. Leo kufukia bila ruhusa ya mwenye eneo ni marufuku, na chakula pia hakiruhusiwi, kwa sababu wanyama hawajui kuwa ni mchezo. Kwetu ungeweka michembe ndani, pimbi na panya wangekuwa wa kwanza kuandika majina. Visu, pombe na dawa navyo ni marufuku. Kinachobaki ni vitu vya watoto: gololi, shanga, kigari, stika.

"Bila bando huchezi"

Simu haitumi kitu kwenye setilaiti, inapokea tu, na setilaiti zenyewe ziko juu kiasi cha kilomita 20,200. Bando unalihitaji nyumbani, kusoma maelezo na kupakua ramani. Huko porini simu itakawia kidogo kujua ilipo, basi. Namba ziandike pia kwenye karatasi, maana chaji huisha.

Ila angalia herufi. Mwanza iko kusini ya Ikweta kwa nyuzi mbili na nusu hivi, hivyo latitudo yake huanza na S, ya kusini, si N ya kaskazini. Mtoto wangu aliandika N, simu ikatuelekeza kaskazini mwa Uganda. Babu yake akauliza kama tutapanda meli au basi.

"Simu itakufikisha juu ya kopo"

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, hasa vijana waliozoea kuiamini simu kuliko macho. Mahali palipo wazi, simu ya kawaida hukosea kwa mita tano hivi. Duara la mita tano kila upande ni karibu mita za mraba 78, na mita kumi ni zaidi ya 300. Sasa simama katikati ya miamba ya Mwanza, jiwe hili kama nyumba, lile limebebwa na jingine: mawimbi yanagonga mawe kabla ya kufika kwenye simu, na mshale unazunguka kama kuku aliyefungwa mguu. Ukifika hapo, simu itie mfukoni.

Pale Mkolani kopo la pili lilitushinda kwa dakika arobaini. Watoto walipanda, walishuka, wakagombana. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kivulini kwenye kanga yake, akauliza kwa nini jiwe fulani limelala kifudifudi. Mawe yote pale yana madoa ya kuvu upande wa juu, unakopiga jua na mvua; hilo moja lilikuwa jeupe juu. Mtu kaligeuza. Tulilinyanyua kwa fimbo, kopo likawa chini yake.

Nasema kwa fimbo. Kwenye nyufa za miamba yetu kuna nyoka, nge na nyigu, na mkono wa mtoto ni wa mwisho kuingia shimoni.

"Wazee watachoka bure"

Kila jiokashi hupewa alama mbili, kuanzia 1 hadi 5, zikipanda kwa nusu nusu: moja ni ugumu wa kulipata kopo, nyingine ni ugumu wa njia. Njia ya 1 ina maana hata kiti cha magurudumu kinafika. Ya 5 inataka vifaa, kama mtumbwi au kamba. Watu husoma namba ya kwanza wakaisahau ya pili, kisha wanamlaumu bibi kwa magoti yake. Mwenye magoti mabovu anaweza kabisa kusaka kopo la ugumu wa 4 ikiwa njia yake ni 1, na mara nyingi atawashinda nyinyi.

Tena si lazima kuwe na kopo. Ziko aina ambazo unafika, unatazama, unajibu maswali kuhusu mahali penyewe. Mojawapo ni ya miamba na jiolojia tu. Familia inaweza kujitungia yake: mzee akae ufukweni karibu na kivuko cha Kamanga, alitazame Jiwe la Bismarck bila kupanda chochote, awasimulie wajukuu lilivyoitwa kabla na baada ya Mjerumani, nao waandike. Kisiwani Saanane fanyeni hivyohivyo, msiache kitu, maana ni hifadhi ya taifa.

Saa nazo zina maana. Granite ya saa saba mchana inaunguza, na ikilowa mvua inateleza kama sabuni. Sisi tunatoka saa moja asubuhi, saa nne tuko kwenye chai.

"Mtu asikuone"

Huko ulikoanzia, mchezaji hujificha ili wasiocheza wasije wakaling'oa kopo. Sheria hiyo sikubaliani nayo hapa. Watu wazima wakinyemelea miamba iliyo karibu na nyumba za watu, maswali yatakuja, na hayatakuja kwa upole. Sisi tunaanza na mwenye eneo na mwenyekiti wa mtaa, tunawafungulia kopo waone. Juu yake tumeandika kwa Kiswahili kuwa ni mchezo. Mama mkwe ndiye balozi wetu: anakaa njiani, "Mwangaluka!" kwa kila apitaye, na baada ya robo saa kijiji kizima kinajua tunatafuta nini.

Kuna mahali ambapo hata ruhusa usiombe: uwanja wa ndege, vivuko, reli, Daraja la Kigongo–Busisi. Furushi lisilojulikana sehemu kama hizo si mchezo tena.

"Ufukweni popote panafaa"

Hapana. Ziwa lina kichocho, hasa maji yaliyotulia penye majani na konokono, na mtoto hahitaji kuogelea ili aambukizwe, kukanyaga tu kunatosha. Mamba na viboko nao wapo. Halafu ziwa lenyewe halikai mahali pamoja: mwaka 2020 na tena 2024 lilipanda likameza fukwe. Fichani juu, pakavu, ambapo hakuna atakayelazimika kuvua viatu.

"Ukikuta kitu ni chako"

Ukichukua, weka chenye thamani ileile au zaidi. Lakini kikiwa na kibati chenye namba ya kufuatiliwa, hicho ni msafiri: unakihamishia kopo jingine na kuandika mtandaoni ulikokipeleka. Shemeji alikuwa na kimoja alichopewa na mgeni, akakiweka kwenye kopo la Mkolani ili watoto wajifunze. Mtoto wetu mdogo alilia kukiachia. Mama mkwe akafungua fundo la kanga, akatoa kifungo cha gauni lake la zamani, akampa akiweke badala yake, kisha akaomba kalamu aandike jina lake. Aliandika majina matatu kamili, yakajaza ukurasa.