Kampeni fupi katika Crusader Kings III: dhana potofu na ukweli wake

Ushauri mwingi unaotolewa kuhusu gemu hili la kompyuta, ambamo unaongoza ukoo wa watawala wa Zama za Kati kizazi baada ya kizazi, unamfaa mtu atakayelicheza hadi mwisho. Ukianzia 15 Septemba 1066 na kwenda hadi 1 Januari 1453, una miaka zaidi ya 386 mbele yako, watawala kumi na zaidi, na muda wa kutosha wa kusahihisha kila kosa. Mwenye wikiendi moja hana muda huo. Akiufuata ushauri uleule, atafunga kompyuta akiwa na mashamba mazuri, watoto waliosomeshwa vyema, na lengo ambalo hata hajaligusa.

Hapa "kampeni fupi" ni lengo moja linalotimizwa katika uhai wa mtawala mmoja, miaka 20 hadi 35 ya kwenye gemu. Kwa kuwa gemu halina Kiswahili, tumetumia "utemi" kwa ngazi iliyo kati ya kaunti na ufalme, "mgambo" kwa raia wanaoitwa vitani, na "askari wa kudumu" kwa vikosi vya kitaalamu unavyovilipia mwaka mzima.

Dhana: kampeni fupi ni ndefu iliyokatishwa njiani

Gemu jingine la vita, Medieval II: Total War, lina chaguo hilo kwenye menyu. Kampeni fupi inakutaka ushike mikoa 15 na kuwamaliza mahasimu uliopangiwa, na ndefu inataka mikoa 45. Crusader Kings III haikupangii chochote. Usipoandika mwisho wako mwenyewe kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza, hautakuwepo.

Andika mambo matatu: lengo linalopimika, mwaka wa mwisho, na jina la mtawala atakayelitimiza. "Kuwa na nguvu" si lengo. "Murchad wa Munster avae taji la Ayalandi kabla ya 1095" ni lengo, kwa sababu unaweza kulihesabu kurudi nyuma. Taji la ufalme linahitaji zaidi ya nusu ya kaunti za asili za ufalme huo (himaya huhitaji asilimia 80, kwa hiyo iache). Fungua dirisha la taji siku ya kwanza, gemu likiwa limesimama, usome masharti na bei. Hesabu kaunti unazokosa na wenye kuzishika. Orodha hiyo ndiyo mpango wako.

Sababu ya kuifunga kampeni kwenye uhai mmoja ni ya kimahesabu. Mtawala akifa, mirathi hugawanywa, miungano iliyotegemea ndoa zake hulegea au kuvunjika, na makabaila walio chini yako humtazama mrithi kama mgeni. Katika kampeni ndefu hiyo ni miaka mitano au kumi ya kutuliza mambo. Katika kampeni ya miaka 30, inaweza kufika theluthi ya muda wako. Kwa hiyo kabla ya kupenda ramani, tazama umri wa mtawala. Mwenye miaka 50 apewe lengo la miaka kumi, si zaidi.

Dhana: anza mwaka 867 badala ya 1066, utapata muda zaidi

Muda ambao hutautumia haukusaidii. Tarehe ya kuanza huchaguliwa kwa hali iliyopo ramani ikifunguka. Mwaka 1066, kwa mfano, Ayalandi imegawanyika kati ya wafalme wadogo walio huru, na hakuna mkubwa wa kuwatetea wote. Uingereza nayo iko katikati ya mgogoro: siku ya 15 Septemba Harold Godwinson yuko kitini, huku William wa Normandy na Harald Hardrada wa Norwei wakimjia kutoka pande mbili. Mwenye jioni moja tu anaweza kumchukua William, ambaye sababu ya vita tayari anayo.

Dhana: jenga uchumi kwanza, vita baadaye

Hii ndiyo inayoharibu kampeni fupi nyingi kuliko nyingine zote, na ubaya wake ni kwamba katika kampeni ndefu ni ushauri sahihi kabisa.

Piga hesabu ya jengo lolote kabla ya kulilipia. Gawanya bei kwa dhahabu linayoongeza kwa mwezi. Jengo la dhahabu 150 linaloleta 0.5 kwa mwezi hurudisha fedha yake baada ya miezi 300, yaani miaka 25, na bado hujahesabu miaka ya ujenzi wenyewe. Ukilianza mwaka wa tatu wa kampeni ya miaka 25, umeifadhili kampeni ya mtu mwingine. Kanuni ya kufanyia kazi: kisichojilipa kabla ya nusu ya muda uliobaki, usikinunue.

Basi dhahabu iende wapi? Kwanza askari wa kudumu, kwa kuwa hufanya kazi tangu vita ya kwanza hadi ya mwisho. Pili, ada ya madai: askofu wa baraza anapokamilisha kutengeneza madai ya kaunti (yaani haki ya kuipigania vitani), kuna malipo, na ukikosa fedha siku hiyo miezi yake yote ya kazi imeenda bure. Tatu, bei ya taji lenyewe. Wapo wanaoteka kila kaunti waliyoihitaji kisha wanakaa miaka minne wakisubiri hazina ijae ili wavae taji. Mali bila daftari hupotea bila habari, kwa hiyo bei ya taji iandikwe pembeni tangu mwanzo, na kila vita kiache kitu cha kuiongezea.

Chanzo cha haraka cha dhahabu ni mateka. Ngome inapoanguka, jamaa za adui waliokuwa ndani huweza kukamatwa, na fidia ya mtu mmoja mwenye cheo huweza kuzidi mapato yako ya miezi mingi. Pitia gereza lako baada ya kila ngome. Usisubiri vita viishe.

Jambo moja la uchumi usilipuuze hata katika kampeni fupi ni udhibiti wa kaunti mpya. Kaunti iliyotoka kutekwa huwa na udhibiti mdogo, nao hupunguza kodi na mgambo. Mkuu wa majeshi awekwe huko mara moja, aupandishe, kisha ahamie inayofuata.

Dhana: mwenye watu wengi ndiye mshindi

Namba inayoonekana juu ya jeshi huhesabu vichwa, haipimi ubora. Kwa viwango vya msingi, mgambo mmoja ana pointi 10 za kushambulia na 10 za ustahimilivu. Askari wa miguu mwenye deraya ana 32 na 22. Shujaa, yaani mpiganaji mwenye jina kutoka nyumbani kwako au miongoni mwa makabaila, huleta pointi 100 za mashambulizi kwa kila pointi moja ya ubingwa wake, yaani uwezo wake binafsi wa kupigana. Mwenye ubingwa wa 15 ana 1,500, sawa na mgambo 150. Mashujaa sita wa aina hiyo ni kama mgambo 900 katika upande wa mashambulizi, tena hawakuongezi ile gharama ya kuita jeshi.

Kwa hiyo siku ya kwanza fungua orodha ya mashujaa kabla ya orodha ya majeshi. Mualike mpambe mwenye ubingwa mkubwa, au umuozeshe mtu wa nyumbani kwako ili ahamie. Hii ni kazi ya dakika tano, nayo ina thamani kuliko kikosi kizima.

Kisha kuna nani anamdhibiti nani. Wapiga upinde huwadhibiti askari wepesi. Askari wepesi huwadhibiti wenye deraya. Wenye deraya huwadhibiti wenye mikuki. Wenye mikuki huwadhibiti wapanda farasi, wazito na wepesi. Wapanda farasi nao huwageukia wapiga upinde. Katika kampeni fupi unawafahamu maadui zako kwa majina, basi bonyeza kila mmoja uone ana vikosi gani, na ununue kinachowadhibiti wawili au watatu kati yao. Kukusanya kimoja cha kila aina ni anasa ya mwenye karne nne.

Usisahau mitambo ya kuzingira, kama utamaduni wako tayari una ujuzi wake. Haina maana uwanjani, lakini vita vingi vya gemu hili hutumia muda mwingi chini ya kuta kuliko kwenye mapambano, na muda ndio unaokubana.

Makosa mawili ya mwendo huwapoteza hata wenye jeshi zuri. Moja ni chakula. Kaunti hulisha idadi fulani tu ya askari, na jeshi likizidi kiwango hicho akiba yake hupungua, kisha watu huanza kufa bila adui. Ligawe njiani, liunganishe siku moja au mbili kabla ya mapambano. Lingine ni bahari. Kupanda meli hulipiwa kadiri ya ukubwa wa jeshi, na jeshi lililotoka kushuka pwani hupigana likiwa na upungufu kwa muda. Ukishuka mbele ya adui umejitakia. Shuka kaunti ya pembeni, ngoja alama ya upungufu iondoke, ndipo usonge.

Halafu vita haviishi kwa kuteka kila ngome. Vinaisha alama zako za ushindi zikifika 100, na kumkamata kiongozi wa upande wa pili hufikisha 100 papo hapo. Ukiona makazi yake makuu yako karibu na hayana jeshi, anza hapo.

Dhana: vita moja kwa wakati, kisha pumziko

Mapatano ya amani baada ya vita hudumu miaka 5, na kuyavunja kunakugharimu hadhi na heshima kwa watawala wengine. Wengi husubiri miaka hiyo ipite. Lakini mapatano ni kati yako na adui yule tu. Jirani yake hayumo.

Ndiyo maana orodha ya maadui ipangwe kwa kupokezana. Ayalandi ina maeneo matano ya ngazi ya utemi: Munster, Leinster, Connacht, Meath na Ulster. Mtawala wa Munster anayepigana na Leinster, halafu Connacht, halafu kurudi Leinster kwa kaunti iliyobaki, hatakaa bila vita halali. Anayejaribu kuimaliza Leinster yote kabla ya kugeuka atakaa miaka kumi akitazama saa. Askofu naye asilale: madai ya vita vya pili yatengenezwe wakati vya kwanza vinaendelea.

Mamluki hunogesha mpango huu. Hulipwa mara moja kwa miaka 3. Ukiwakodi kwa vita kimoja cha miezi 14, umetupa zaidi ya nusu ya fedha. Wakodi pale ambapo madai mawili dhidi ya maadui wawili tofauti yako tayari mezani, tangaza cha kwanza siku hiyohiyo, na cha pili mara tu cha kwanza kikiisha. Usiwakodi kabla hujahakikisha kuwa utabaki na kitu cha kulipa jeshi lako mwenyewe, maana deni hudhoofisha kila askari uliye naye, hao wa kukodi wakiwemo.

Dhana: washirika wengi ni usalama

Kila mshirika ana vita vyake, na atakuita. Ukikataa unapoteza hadhi, ukikubali unapoteza miaka. Wawili wanatosha: mmoja wa karibu anayeweza kufika kabla vita havijaamuliwa, na mwingine mkubwa kiasi cha kumfanya jirani asite.

Dhana: urithi ni tatizo la kampeni ndefu

Mpango wa uhai mmoja huvunjwa na mshale mmoja, au na homa. Mrithi mmoja kuchukua kila kitu ni sheria inayokuja na zama za mwisho za kati, ambazo haziwezi kuanza kabla ya 1200. Mwaka 1066 utaishi na mgawanyo, upende usipende.

Hatari kubwa iko kipindi unashika maeneo mawili ya utemi bila taji. Ukifa hapo, mwana wa pili hupewa utemi wa pili na kuwa mtawala huru, nawe unayeendelea kama kaka yake unaanza kuteka upya ulichokiteka. Taji likishakuwepo, ndugu huyo hubaki chini yako. Kwa hiyo fupisha kipindi hicho: mara nusu ya kaunti ikipita na dhahabu ikitosha, vaa taji siku hiyo, hata kama kuna kaunti nzuri unayoitamani. Na chini ya sheria ya mgawanyo ya mwanzo kabisa, usikusanye ardhi ya kutosha kuunda ufalme wa pili, kwa kuwa gemu litauunda lenyewe siku ya kifo chako na kumpa mtoto mwingine.

Mtawala asiongoze jeshi mwenyewe kama kuna jemadari mwingine mwenye uwezo unaokaribiana.

Dhana: kasi ya 5, ya juu kabisa, huokoa muda

Inaokoa wakati wa amani pekee. Vitani, kasi ya 5 hukufanya ulione jeshi la adui likiwa tayari limeingia kwenye kaunti yako, na kosa la sekunde mbili hulipwa kwa mwaka mzima wa kujenga upya vikosi. Tumia 4 au 5 ukisubiri askofu, 2 au 3 majeshi yakikaribiana, na simamisha kabisa unaposoma madirisha.

Muda halisi upimwe mapema. Angalia saa ya ukutani mwaka 1066 na tena 1071. Kama miaka hiyo 5 imechukua saa moja na nusu na imebaki 24, una zaidi ya saa saba mbele yako, pengine zaidi, kwa sababu milki ikikua arifa nazo huongezeka. Ikiwa huna saa hizo, punguza lengo hapohapo, kutoka taji hadi utemi wa pili uliotulia, kabla hujawalipa mamluki.